Mapambo ya Plastiki Inayosinyaa

Arusi ikiisha, uwanja hubaki na vikombe na vifuniko vya plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini vitu hivi bado vimetapakaa. Okota kifuniko kimoja, kile kigumu kinachong'aa kama kioo. Kiangalie vizuri. Utaona alama ya pembetatu, na ndani yake tarakimu. Kama ni 6, au pameandikwa PS, usikitupe. Kinaweza kuwa hereni au kidani.

Hapa Namswea wengi wetu tunangoja fedha ya kahawa, nayo huja kwa msimu. Kazi hii haiwezi kushika nafasi ya kahawa. Lakini ukipata wanunuzi, unaweza kununua sabuni na daftari la mtoto bila kukopa.

Kwa nini plastiki hii husinyaa? Kiwandani bamba lake hupashwa moto, likavutwa pande zote kama unavyowamba ngozi ya ngoma. Kisha hupozwa upesi kabla halijarudi. Ukilipasha moto tena, linalegea na kurudi lilivyokuwa. Kipande cha sentimita 10 huweza kubaki na sentimita 4 hivi. Uzito haupungui. Plastiki ile ile imejikusanya, kwa hiyo inakuwa nene na ngumu.

Mwaka 1973 huko Brookfield, Marekani, akina mama wawili, Betty Morris na Kate Bloomberg, walifanya kazi hii pamoja na watoto. Baadaye wakaigeuza kuwa biashara.

Sasa tufanye. Osha kifuniko, ukikaushe. Chora ua, samaki au jina kwa kalamu ya wino usiofutika. Paka rangi hafifu, maana kikisinyaa rangi hukolea. Kata kwa mkasi, na pembe zote zifanye za mviringo ili zisichome shingo. Toboa tundu kwa panchi ya karatasi kabla ya moto. Tundu nalo litasinyaa, kwa hiyo usitoboe dogo. Ukisahau, basi, ukitoboa baadaye kipande hupasuka.

Jiko ni lile la kuokea keki: sufuria yenye mchanga mkavu, mkaa chini, na mkaa kidogo juu ya mfuniko. Weka kipande juu ya karatasi ya kaki ndani ya sahani ya bati, kisha iweke sahani juu ya mchanga uliopata moto. Chungulia kila baada ya muda mfupi. Kwanza kitajikunja kama jani kavu. Hapo wengi hushtuka na kukitoa. Mimi nilikitoa, kikabaki kimekunjamana, hakikufaa hata kifungo. Subiri. Kitajinyoosha chenyewe, kilale bapa. Hapo kitoe upesi, ukigandamize kwa kipande cha ubao laini mpaka kipoe.

Moshi ndio jambo la kuogopa. Plastiki inayosinyaa haitoi moshi. Ukiona moshi au ukisikia harufu kali, moto umezidi. Epua sufuria, usogee mbali. Moshi huo hudhuru mapafu. Fanya kazi nje, penye hewa, watoto na mama wajawazito wakae mbali. Sufuria hiyo na sahani hiyo zisirudi tena kupikia chakula. Plastiki yenye tarakimu 3 usiipashe moto kabisa, moshi wake una sumu kali. Acha pia maboksi meupe mepesi, hata kama yana tarakimu 6. Hayafai.

Tupige hesabu. Bamba la sentimita 10 kwa 10 hutoa vipande vinne vya sentimita 5 kwa 5. Kila kimoja kitabaki na sentimita 2 hivi kila upande. Hereni hutaka viwili, kwa hiyo bamba moja hutoa jozi mbili. Plastiki umeokota, lakini mkaa, kalamu na ndoano za hereni umenunua. Viandike vyote kabla ya kutaja bei.

Vifuniko havifanani. Vingine husinyaa zaidi upande mmoja, na duara likawa yai. Kabla ya kuchora jozi ya kuuza, kata kipande kidogo cha majaribio, ukipime kwa rula, ukiingize jikoni, ukipime tena. Andika vipimo vyote viwili katika daftari, pamoja na aina ya kifuniko.