Pima kazi kabla ya kununua mashine ya kukata maumbo

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, fundi wa nyumbani anayetaka kununua mashine ya kukata maumbo hana budi kuchagua, kwani si kila mashine hukata kila kitu.

Katika Pwani Kusini, kuanzia Diani hadi Msambweni, wengi wanaotengeneza kadi, mapambo, mikoba na makubazi hutegemea wageni wa hoteli. Wageni hao hupungua wakati wa mvua za masika, kati ya Aprili na Juni. Aliyenunua mashine isiyofaa kwa pesa za mkopo hubaki na deni lisilongoja msimu.

Mashine hii hutoa umbo lile lile mara nyingi bila fundi kuchora upya wala kushika makasi. Zinazotumiwa nyumbani ni za aina mbili: ya kuzungushwa kwa mkono na ya umeme.

Ya mkono, mathalani Big Shot ya kampuni ya Sizzix, ina rola mbili na mpini. Karatasi huwekwa pamoja na kiolezo cha chuma chenye makali katikati ya vibao viwili vya plastiki. Mpini ukizungushwa, rola hukandamiza vyote kwa pamoja na makali yakakata.

Haihitaji umeme, kompyuta wala intaneti. Humfaa anayetoa maua 200 ya aina moja kwa mapambo ya harusi. Udhaifu wake ni kuwa kila umbo lina kiolezo chake, na kila kiolezo hununuliwa.

Violezo navyo hutofautiana. Vyembamba mfano wa bati hukata karatasi na kadi. Vinene, vyenye wembe wa chuma uliopindwa na kukitwa ndani ya sponji, hupenya hata kitambaa cha leso kilichokunjwa na ngozi laini.

Upana pia ni muhimu. Big Shot ya kawaida hupitisha kitu cha sentimita 15 hivi, sawa na nusu ya karatasi ya A4. Inatosha kwa kadi, lakini ni ndogo kwa anayetaka kukata mifuko ya karatasi, ambayo imehitajika zaidi madukani tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017.

Mashine ya umeme, kama zile za Cricut na Silhouette, haina kiolezo cha chuma. Kisu kidogo hufuata mchoro uliotumwa kutoka kwa kompyuta au simu. Leo hukata jina la bibi harusi, kesho umbo la kasa. Humfaa fundi ambaye kila mteja wake huja na ombi jipya.

Hata hivyo, mwenye mashine hiyo hutegemea pia programu ya kampuni. Mnamo Machi 2021, Cricut ilitangaza mpango wa kuwawekea watumiaji wasiolipa ada kikomo cha michoro 20 mipya kwa mwezi. Wateja walilalamika na mpango huo ukafutwa mwezi huo huo.

Kuna pia suala la umeme wenyewe. Kenya hutumia volti 240, ilhali Marekani hutumia volti 120. Anayetumiwa mashine na jamaa aliye ughaibuni asome kwanza maandishi kwenye adapta yake. Yakisema 100-240V, atahitaji plagi inayofaa tu. Yakisema 120V pekee, kifaa chaweza kuungua kikichomekwa bila transfoma.

Mshona makubazi ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi. Cricut Maker, iliyotoka mwaka wa 2017, hukata ngozi isiyozidi milimita 2.4 kwa kisu chake maalumu. Soli nyingi huzidi unene huo. Mashine ya nyumbani yaweza kukata maua ya kupamba mikanda, lakini soli zahitaji kisu cha mkono au mashine nzito ya karakana.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi aende dukani na ngozi, kitambaa au karatasi yake mwenyewe, na aombe ikatwe mbele yake kabla ya kulipa. Aulize pia bei ya vibao na visu vya akiba, kwani vyote huchakaa.

Hewa ya bahari nayo ina chumvi na unyevu. Violezo vya chuma hupata kutu visipopanguswa na kuhifadhiwa ndani ya kopo lenye kifuniko. Karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, ikaraeuka badala ya kukatika vizuri.

Mwisho ni hesabu. Kwa mfano, iwapo mashine na vifaa vyake vitagharimu Sh20,000 na kila kadi huleta faida ya Sh40, itabidi kadi 500 ziuzwe kabla ya gharama hiyo kurudi. Anayeuza kadi 20 kwa mwezi atangoja zaidi ya miaka miwili. Huyo makasi makali bado yanamtosha. Anayeuza 100 atarejesha pesa zake kwa miezi mitano.

Makundi yanayopanga kukopa, kwa mfano kutoka kwa Hazina ya Uwezo iliyoanzishwa mwaka wa 2013, yafanye hesabu hiyo kwa mauzo ya mwezi wa Mei, si ya Desemba.