Kelele zetu nazo zinahitaji daftari

Kuna muziki ambao ukiuweka kwenye redio, mwenye nyumba atakimbilia waya wa spika akidhani umekatika. Albamu iitwayo Tradi-Mods vs Rockers ni ya aina hiyo. Ilitolewa mwaka 2010 na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, Ubelgiji. Ni santuri mbili zenye nyimbo zaidi ya 20 za wasanii mbalimbali, na karibu kila wimbo una mkwaruzo wake.

Nimeisikiliza hapa Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, kwa jioni kadhaa mfululizo. Huu si mtaa wa muziki wa kunong'ona. Fundi wa kuchomelea yuko kazini, pikipiki zinapita, na muuza mishikaki naye ana redio yake. Ajabu ni kwamba katikati ya makelele hayo, albamu hii haikuwa mgeni hata kidogo.

Tuanze na asili yake. Kundi linalosikika zaidi ni Konono N°1 la Kinshasa, lililoanzishwa miaka ya 1960 na marehemu Mingiedi Mawangu. Alikuwa dereva wa lori na Mzombo, kabila lililo pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Angola. Alipiga likembe, kile kisanduku chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Hapa Burundi tunakiita ikembe, na waliorudi kutoka Tanzania huenda walikisikia kwa Wagogo kwa jina la ilimba.

Tatizo ni kwamba mjini likembe halisikiki. Magari na baa hulimeza. Mingiedi na wenzake wakatafuta dawa kwenye vyuma chakavu. Sumaku kutoka vipuri vya magari zikawa vinasa sauti, maikrofoni zikachongwa kwa mti, na waimbaji wakatumia vipaza sauti vya enzi za Wabelgiji. Mitambo hiyo ilikoroma. Nao, badala ya kuuona mkoromo huo kuwa hitilafu, wakaufanya sehemu ya wimbo.

Muziki wa Konono na wa makundi mengine, kama Kasai Allstars lenye wanamuziki wapatao 25 wa makabila matano, ndio waliopewa wanamuziki wa roki na wa kompyuta kutoka Ulaya na Amerika. Miongoni mwao wamo Deerhoof wa San Francisco, Animal Collective wa Marekani na Juana Molina wa Argentina. Wengine waliukatakata na kuuunga upya. Wengine walitunga wa kwao wakiufuata.

Matokeo yake? Wimbo unaweza kuanza kama jenereta inayokataa kuwaka, ukatamani kuzima. Ukivumilia dakika mbili, unagundua kuwa ndani ya fujo kuna hesabu, na mguu wako umeshaanza kuifuata. Jirani yangu aliuliza kama simu imeingia maji. Kijana anayetengeneza simu pembeni yake alisikiliza hadi mwisho bila kusema neno.

Si zote zilizonifurahisha. Santuri mbili ni nyingi, na wapo waliolifunika likembe kwa mashine hadi likapotea. Hao wangeweza kufanya vilevile kwa mlio wa kengele ya baiskeli.

Lakini lililonikaa moyoni ni karatasi ya albamu hiyo. Majina ya wenye muziki yameandikwa pamoja na ya wageni waliouchezea. Kwa msikilizaji wa Burundi hilo si jambo dogo, kwa sababu sisi tuna kisa chetu.

Mwaka 1967 Wafaransa walikuja nchini wakanasa sauti za wapiga ngoma 25. Rekodi hiyo ilitolewa Ufaransa mwaka uliofuata. Mwaka 1971 mpiga piano wa Kifaransa aliyejiita Mike Steiphenson akazichukua ngoma hizo, akaziwekea piano na vyombo vya roki juu yake, akatoa wimbo Burundi Black. Uliingia kwenye chati za Uingereza. Jina la msanii liliandikwa Burundi Steiphenson Black. Litazame jina hilo vizuri: nchi imo, Mfaransa yumo, mpiga ngoma hayumo.

Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitumia ngoma kutoka rekodi ileile katika wimbo The Jungle Line. Kufikia mwaka 1980 bendi za Uingereza kama Adam and the Ants zilikuwa zikipata umaarufu kwa mdundo uliokuja kuitwa wa Kirundi. UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, miaka 43 baada ya Burundi Black.

Linganisha na upande wa Kinshasa. Mwaka 2011 Konono, Kasai Allstars, Deerhoof, Juana Molina na wengine walipanda jukwaa moja huko Ulaya. Kazi yao ya pamoja ilitoka mwaka 2022 kwa jina Where's the One?, yaani "moja" iko wapi. Hilo lilikuwa swali lao mazoezini, kwani Mkongo na mgeni hawakuanza kuhesabu mdundo mahali pamoja. Ili wapatane ilibidi waulizane. Wapiga ngoma wa 1967 hakuna aliyewauliza "moja" yao ilikuwa wapi. Na mwaka huohuo wa 2011, Konono walikuwa miongoni mwa waliotajwa katika wimbo wa Herbie Hancock uliopata tuzo ya Grammy.

Wafanyabiashara wa Gatumba, Kobero na Mugina wanalielewa jambo hili kuliko maprofesa. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mchuuzi mwenye shehena isiyozidi dola 2,000 ana haki ya cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Karatasi hiyo inasema mahindi haya yametoka wapi na ni ya nani. Bila hiyo, unaingia kwenye mazungumzo ya forodhani mikono mitupu.

Sauti nayo ni shehena, tena inavuka mpaka bila kupita kwenye kizuizi. Vijana wa Kamenge wanarekodi kwa simu ngoma, ikembe na hata mlio wa karakana. Aliyerudi kutoka kambini Kigoma amerudi na midundo ya huko. Kesho mgeni mwenye kompyuta anaweza kuipenda, na kuipenda si kosa.

Basi, kabla hujamtumia mtu faili, andika majina ya wote waliopiga, tarehe na mahali. Burundi ina sheria ya haki miliki tangu mwaka 2005, na ipo ofisi ya kusajili kazi za sanaa, OBDA. Maduka yetu mengi yamebandika ukutani onyo la wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Ngoma za 1967 zilipotea hivyo. Za leo zina wenyewe, na kalamu ipo.