Siku Arobaini Baada ya Sumu ya Mkaa

Mtu aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, akakutwa hajitambui, kisha akapewa oksijeni akafumbua macho na kuwajua jamaa zake, huhesabiwa kuwa amepona. Hurudishwa nyumbani na jalada lake hufungwa. Hapo ndipo penye kosa.

Sumu yenyewe ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata viungo vikakosa hewa ilhali mtu anavuta pumzi. Korea ya Kusini iliijua adha hii miaka mingi, maana huko nyumba zilipashwa joto kwa makaa ya mawe yaliyowashwa chini ya sakafu, na ufa mdogo ulitosha kuwaua waliolala. Mwaka 1983 Daktari Choi alichapisha uchunguzi wa watu 2,360 waliopatwa na sumu hiyo. Kati yao 65 walizinduka, wakakaa wazima siku 2 hadi 40, ndipo wakaharibikiwa: akili kupungua, kushindwa kuzuia haja, kutembea kwa taabu, wengine kunyamaza kabisa. Jamaa asiyejua atasema amepandwa na shetani.

Picha za ubongo zina maelezo mengine. Siku za mwanzo mashine ya MRI huweza kuonyesha madoa katika globasi palidasi, yaani vifundo viwili vilivyo ndani kabisa ya ubongo, kimoja kila upande. Na pengine isionyeshe kitu. Wiki chache baadaye dosari huonekana imetanda pande zote mbili katika sehemu nyeupe, penye nyuzi za kupeleka habari, ambazo ala zake za mafuta zimeharibika. Basi picha safi ya siku ya kwanza si hati ya kumwachia mgonjwa. Wala picha mbaya si hukumu ya maisha: kati ya wagonjwa 36 aliowafuatilia Daktari huyo, robo tatu walipona katika muda wa mwaka mmoja.

Wakuu wa afya visiwani hatuwadai mashine katika kila kituo. Tunadai mstari mmoja katika cheti cha mgonjwa: arejeshwe mara moja akianza kusahau au kuyumba, na siku ya kurudi iandikwe kabla ya arobaini kutimia. Na mzazi anayepashwa moto chumbani, aachiwe dirisha wazi, na jiko litolewe nje kabla ya kulala.