GOJI, TUNDA JEKUNDU LA UCHINA

Huenda umekwisha kusikia sifa za goji, tunda dogo jekundu litokalo Uchina. Yasemwa kuwa humpa mtu macho makali, nguvu na umri mrefu. Yafaa tupambanue lililo kweli na lililo la mnadi.

Mgoji ni kichaka cha jamaa moja na mtungule na mbilingani. Hulimwa sana Ningxia, karibu na Mto Manjano, na goji za Zhongning ndizo zenye jina. Huchumwa kwa mkono kisha hukaushwa, kama karafuu zetu. Wachina hulitia katika supu, uji na chai, na waganga wao tangu kale wamelitumia kwa ini, figo na macho.

Kweli yake ni kwamba lina zeaksanthini nyingi, rangi ambayo imo hata ndani ya jicho la mtu. Ni chakula chema. Lakini kwamba larefusha umri, hapana ushahidi. Wauzaji humtaja Li Ching-Yuen, aliyefariki mwaka 1933, wakidai aliishi miaka 256. Umri huo haukuthibitishwa kamwe.

Sasa hadhari. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asile goji wala asinywe chai yake kabla ya kumwuliza daktari. Wako wagonjwa waliovichanganya viwili hivyo wakatokwa na damu. Basi mzee wako akiletewa zawadi ya goji, kwanza mwulize anameza dawa gani.