Wakazi wa Chepkoilel wasikilizwe kabla ya ramani kuchorwa

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii yastahili kuandikwa mlangoni mwa kila ofisi inayoshughulikia mipango ya ardhi mjini Eldoret, mji ambao mnamo Agosti 15, 2024 ulikabidhiwa hati ya kuwa jiji la tano nchini Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Siku hiyo ilikuwa ya vigelegele na hoihoi. Lakini shangwe zikiisha, mwenyeji hubaki akijiuliza: ni nani huwapo jiji linapopangwa, na ni nani huachwa nje?

Anayetaka kulijibu swali hili asiishie katikati ya mji penye maduka na mabenki. Na aende Chepkoilel, mwendo wa kilomita tisa hivi katika barabara ya kuelekea Ziwa. Hapo ndipo walowezi wa kizungu walipoanzisha kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa mwaka wa 1946. Mwaka wa 1984 kituo hicho kikafanywa chuo cha walimu, na 1990 kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Moi. Tangu mwaka wa 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret, chenye hati yake chenyewe.

Chuo kinapokua, wanafunzi huhitaji malazi. Wanafunzi wakija, huja muuza mboga, kinyozi, mwenye kibanda cha chakula na mhudumu wa bodaboda. Bei ya ardhi nayo hupanda. Shamba lililokuwa la mahindi hugawanywa vipande vya futi hamsini kwa mia, na mahali pa mabua pakasimama nyumba za ghorofa za kupangisha.

Haitakuwa haki kuwalaani wastawishaji wote kwa jambo hili. Pasipo wao, maelfu ya wanafunzi wangekosa pa kulaza ubavu, na vijana wengi waashi, maseremala na mafundi wa mabomba wangekosa kibarua. Mtu aliyeweka akiba yake katika matofali ana haki ya kutarajia faida. Tatizo huanza pale ambapo mwenye faida ndiye peke yake anayeijua njia ya kuingia ofisini.

Hebu tutazame jinsi mambo yanavyokwenda. Mwenye shamba anapotaka kuligawanya, humwita mpima ardhi, na mchoro huandaliwa. Katika mchoro huo ndimo huamuliwa barabara itakuwa na upana gani, maji ya mvua yatapitia wapi, na kama patabaki mahali pa shule ya chekechea, pa zahanati au pa watoto kuchezea. Kila futi inayoachiwa barabara ni futi isiyouzwa. Basi si ajabu kwamba mwuzaji hupenda barabara iwe nyembamba, na uwanja usiwepo kabisa. Miaka kumi baadaye nyumba inaposhika moto na gari la zimamoto kushindwa kupita, mwuzaji amekwishahesabu fedha zake na kwenda zake. Anayebaki na hasara ni mkazi, ambaye mchoro ulipopitishwa hakuwapo.

Upo pia Mto Chepkoilel na kinamasi chake cha Marura chenye mafunjo. Kinamasi si ardhi iliyolala bure, kama wadhaniavyo wengi. Ndicho sifongo linalonyonya maji ya masika na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi, na ndicho chujio la takataka zinazoteremka kutoka mashambani na majumbani. Ukikikausha ili upate vipande vya kuuza, maji hayatakosa pa kwenda. Yatahamia sebuleni mwa watu. Madhara hayo hayaonekani katika mchoro wa kipande kimoja. Huonekana pale tu michoro yote inapotandazwa pamoja mbele ya watu wanaoujua mto huo tangu utotoni.

Kuna watakaosema kwamba sheria zimekwishalitatua jambo hili. Kweli, sheria tunazo, na ni nzuri. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa, na katika kifungu cha 184 imeagiza kwamba wakazi wa miji na majiji washiriki katika uongozi wake. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka wa 2011 inawapa wakazi haki ya kukutana, kuijadili mipango ya maendeleo na kufuatilia mienendo ya viongozi, wawe wa kuchaguliwa au wa kuteuliwa. Naye anayeomba kibali cha ujenzi hutakiwa na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 aujulishe umma, ili mwenye pingamizi alitoe.

Lakini sheria hiyohiyo ya 2019 yasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Nia yake ni njema, kwani inamwokoa mwombaji asizungushwe na maafisa wavivu au wanaongoja kitu kidogo. Hata hivyo, yafaa tuyapime matokeo yake. Ofisi ikinyamaza, iwe kwa uzembe au kwa kuombwa inyamaze, mstawishaji hupata alichotaka. Mkazi akinyamaza kwa kuwa hakuliona tangazo, yeye hupoteza. Kimya ni kimoja, lakini humfaidi mmoja tu kati ya wawili hawa.

Jambo jingine ni kwamba hadi uchaguzi wa Machi 2013, Eldoret ilikuwa na baraza la manispaa. Madiwani walichaguliwa na wakazi, nao wakamchagua meya. Madiwani wale hawakuwa malaika. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi mabaraza ya miji kote nchini yalivyoshiriki katika ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Lakini mkazi alijua mlango wa kubisha. Leo bodi ya jiji huteuliwa, haipigiwi kura. Wajumbe wa kuteuliwa wanaweza kuwa watu waadilifu na wenye ujuzi, ila wasipokutana na wakazi mara kwa mara, watakaowafahamu vyema ni wale wanaofika ofisini kila juma. Na anayefika ofisini kila juma si mama mwuza sukuma wiki. Ni mtu mwenye gari, mwenye wakili, na mwenye nambari za simu za wakubwa.

Mama huyo huitwa mara moja kwa mwaka, aghalabu siku ya kazi asubuhi, katika ukumbi ulio mbali na kibanda chake. Hukabidhiwa kitabu kinene cha Kiingereza, hupewa dakika mbili za kusema, kisha huombwa atie sahihi kuonyesha kwamba alihudhuria. Sahihi hiyo ndiyo itakayopelekwa mahakamani kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa.

Mahakama zetu zimeukataa mchezo huo. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka wa 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, si wa kutimiza desturi tu. Kadhalika, historia yatufunza kwamba sauti ya raia ina uzito. Mwaka wa 1989, enzi za chama kimoja, Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Alitukanwa na kudhihakiwa, lakini jengo lile halikusimama, na bustani ikabaki kuwa ya umma. Ikiwa mambo hayo yaliwezekana wakati ule, leo tuna udhuru gani?

Yapo mambo manne ambayo serikali ya kaunti na bodi ya jiji zinaweza kuyatenda bila kungoja sheria mpya. Kwanza, tangazo la kila mradi mkubwa liwekwe penye kiwanja chenyewe, kwa Kiswahili na kwa maandishi ya kusomeka na mpita njia. Pili, mikutano ifanyike mitaani, jioni au Jumamosi, kabla mchoro haujapitishwa. Tatu, kila pingamizi lijibiwe kwa maandishi na kwa sababu. Nne, pawe na daftari la wazi la maombi yote ya vibali na ya kugawanya mashamba, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Nao wakazi wasikunje mikono wakingoja. Sheria ya miji imevitaja vyama vya mitaa vilivyosajiliwa kuwa miongoni mwa makundi yanayopendekeza wajumbe wa bodi. Mtaa usio na chama hauna wa kuupendekeza. Wenye nyumba, wapangaji, wachuuzi na wanafunzi wa Chepkoilel, hata wale wasiojua kama mtaa wao umo ndani ya mpaka wa jiji au umebaki nje, wote hunywa maji mamoja na kukanyaga tope moja. Basi waungane, wajisajili, na waende kuuliza mchoro uko wapi.

Jiji ni jipya, na mengi bado hayajajengwa. Barabara iliyosahauliwa kwenye karatasi yaweza kuongezwa kwa kalamu leo. Kesho itahitaji tingatinga na machozi. Wakazi wa Chepkoilel na waitwe sasa, wakati ambapo neno lao bado laweza kubadilisha kitu.