Ng'ombe Hazeeki Maini: Je, Bendi ya Wazee Yaweza Kubeba Usiku Mkuu wa Tamasha?

Arusini, mzee anapoinuka kuingia uwanjani kucheza, vijana hucheka kwanza. Baadaye hutokea mojawapo ya mambo mawili: ama kicheko huendelea mpaka mzee akarudi kitini kwa haya, ama hukatika ghafula, kwa kuwa miguu ya mzee imewakumbusha waliopo kwamba ngoma haikuzaliwa jana.

Mwaka 2013 jambo la namna hiyo lilizungumzwa kwa marefu na mapana nchini Uingereza, ila uwanja wenyewe haukuwa wa arusi. Tamasha la Glastonbury, ambalo ni miongoni mwa matamasha makubwa kabisa ya muziki duniani, lilitangaza kuwa usiku wa Jumamosi, tarehe 29 Juni, jukwaa lake kuu litakabidhiwa bendi ya The Rolling Stones. Bendi hiyo ilipiga onyesho lake la kwanza katika klabu ya Marquee mjini London tarehe 12 Julai 1962. Siku ya tamasha, mwimbaji Mick Jagger na mpiga gitaa Keith Richards walikuwa na umri wa miaka 69 kila mmoja. Ronnie Wood, mpiga gitaa wa pili, alikuwa na miaka 66. Na mpiga dramu Charlie Watts alikuwa na miaka 72. Ukijumlisha hesabu hiyo na kuigawa kwa nne, unapata 69 kamili. Katika umri huo askari wengi wamekwisha rudisha sare zao stoo zamani, nao hukaa barazani na wajukuu.

Basi watu wakauliza: Je, wazee hawa wataweza?

SHAMBA LA NG'OMBE WA MAZIWA

Kabla ya kuwapima wazee, yafaa kuupima uwanja wenyewe. Glastonbury si uwanja wa mpira wala ukumbi wenye viti. Ni shamba la ng'ombe wa maziwa, liitwalo Worthy Farm, karibu na kijiji cha Pilton katika jimbo la Somerset. Mwenye shamba, Michael Eavis, alilirithi akiwa kijana wa miaka 19 baada ya kufiwa na baba yake. Mwaka 1970, baada ya kuhudhuria tamasha moja katika mtaa wa jirani, alivutiwa akaandaa la kwake. Lilifanyika tarehe 19 Septemba mwaka huo. Kiingilio kilikuwa pauni moja, na kila aliyeingia alipewa maziwa ya shamba bila malipo. Walihudhuria watu wapatao 1,500.

Kutokana na mbegu hiyo ndogo ulikua mti mkubwa. Jukwaa kuu lina umbo la piramidi. Lile lililojengwa mwaka 1981 lilikuwa na kazi mbili: wakati wa tamasha lilikuwa jukwaa, na majira ya baridi likawa zizi la ng'ombe na ghala la chakula chao. Miaka ilivyopita, watu walizidi mia moja elfu, na shamba likawa mji kamili kwa siku chache, wenye mahema, maduka, maji, zahanati na ulinzi. Hata mwaka 2012 tamasha halikufanyika, na mojawapo ya sababu zilizotajwa na Eavis ni kwamba michezo ya Olimpiki ya London ingehitaji vyoo vingi vya kuhamishika na askari polisi wengi. Wanaolinda mikusanyiko ya watu hawatashangaa kusikia hayo. Muziki hauwezi kuanza mpaka mtu wa lango, mtu wa maji na mtu wa usalama wawe mahali pao.

KAZI YA ANAYEFUNGA USIKU

Katika tamasha la namna hii bendi nyingi hupiga toka mchana. Ile inayopewa nafasi ya mwisho usiku, katika jukwaa kuu, ndiyo inayoitwa bendi kuu ya siku hiyo. Heshima yake ni kubwa, na mzigo wake ni mkubwa vilevile. Watu wamesimama toka asubuhi. Wengine wamelowa, wengine wamechoka, wengine wanafikiria kurudi hemani. Bendi kuu ina wajibu wa kuwakusanya wote hao na kuwafanya wawe kitu kimoja kwa saa mbili.

Glastonbury ina nafasi nyingine iliyozoeleka kwa wakongwe, nayo ni Jumapili alasiri. Hapo huitwa mwimbaji mwenye jina la zamani, watu wakaimba naye nyimbo walizozisikia kwa wazazi wao. Mwaka huo wa 2013 alipanda Kenny Rogers wa Marekani, akiwa na miaka 74. Nafasi hiyo ina heshima, lakini ni heshima ya kiti cha mgeni. Usiku wa Jumamosi ni usukani wa chombo. Kwa hiyo hoja haikuwa kama wazee waitwe au wasiitwe. Hoja ilikuwa kama wakabidhiwe usukani au wapewe kiti.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Wenye shaka hawakukosa hoja. La kwanza ni mwili. Jagger si mwimbaji wa kusimama mahali pamoja. Kazi yake ni kukimbia huku na huku jukwaani huku akiimba. Pumzi ya mtu wa miaka 69 si ya mtu wa miaka 25. Richards alianguka kutoka mtini huko Fiji mwaka 2006, akapasuliwa kichwa nchini New Zealand. Watts alitibiwa saratani ya koo mwaka 2004. Haya yalikuwa mambo ya kweli, wala hayakuwa maneno ya husuda.

La pili ni watazamaji. Bendi hiyo ilikuwa imezoea mikutano ambayo kila mtu amenunua tikiti kwa ajili yake tu. Glastonbury sivyo. Tikiti za mwaka 2013 ziliuzwa mwezi Oktoba 2012 zikamalizika kwa muda usiofika saa mbili, wakati majina ya bendi kuu yalikuwa bado hayajatangazwa. Maana yake, umati ule haukuja kwa ajili ya The Rolling Stones. Wengi walikuwa vijana ambao hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa bendi ilipoanza. Wangeweza kugeuka na kwenda jukwaa jingine bila kupoteza senti.

La tatu, na pengine zito kuliko yote, ni haki ya vijana. Kila usiku una nafasi moja tu ya mwisho. Mzee akiikalia, kijana fulani ameikosa. Ikiwa kila mwaka watarudishwa wale wale, vijana watajifunzia wapi kubeba mzigo mkubwa?

MAJIBU YA UPANDE WA PILI

Waliokuwa na imani na wazee walijibu hoja hizo moja baada ya moja.

Kuhusu mwili, walisema kuwa bendi ilikwisha jipima. Mwezi Novemba 2012 ilipiga mara mbili katika ukumbi wa O2 mjini London kuadhimisha miaka 50, na mwezi Desemba ikapiga Marekani. Zaidi ya hayo, Jagger ni mtoto wa mwalimu wa mazoezi ya viungo, naye amejulikana kwa kuutunza mwili wake kwa mbio na mazoezi kabla ya kila safari. Asiyefanya mazoezi wakati wa amani hapati pumzi siku ya vita. Kila askari anayajua hayo.

Kisha kuna siri ya mgawanyo wa kazi. Ni desturi ya bendi hiyo kwamba katikati ya onyesho Richards huimba nyimbo mbili, na Jagger hupata nafasi ya kupumua nyuma ya jukwaa. Hivyo ndivyo walinzi wanavyopokezana lindo. Wapo pia mpiga piano, wapuliza saksafoni, waimbaji wa kuitikia, na Darryl Jones wa gitaa la besi, aliyeingia baada ya Bill Wyman kuondoka mwaka 1993.

Nyuma yao wote aliketi Charlie Watts na seti ndogo ya ngoma, ndogo kuliko za wapiga roki wengi. Alipenda jazi toka utotoni, na alikuwa na namna yake ya kupiga: kila mkono wa kushoto uliposhuka juu ya ngoma, mkono wa kulia uliyaacha matoazi bila kuyagusa. Pigo moja likapungua, na muziki ukapata nafasi ya kuvuta pumzi. Ufundi wa namna hiyo hautegemei misuli. Unategemea miaka.

Kuhusu haki ya vijana, jibu lilikuwa katika ratiba yenyewe. Ijumaa ilifungwa na Arctic Monkeys na Jumapili ikafungwa na Mumford and Sons, bendi mbili za vijana. Wazee walipewa usiku mmoja kati ya mitatu.

USIKU WENYEWE

Ilipofika saa tatu na nusu usiku, umati uliokadiriwa kuzidi watu 100,000 ulikuwa umejaa mbele ya piramidi, bendera zikipepea juu ya vichwa. Bendi ikaanza kwa wimbo wa "Jumpin' Jack Flash", wa mwaka 1968. Haukuwa mwanzo wa kupapasa. Jagger alishika jukwaa toka mwanzo, akakimbia kama ilivyo ada yake. Kwa utani akawaambia watu kuwa, baada ya miaka yote hiyo, hatimaye wamekumbukwa kualikwa.

Hawakupiga nyimbo zilezile kwa namna ileile tu. Wimbo mmoja wa zamani waliubadili maneno ukawa wa msichana wa Glastonbury, na wenyeji wa tamasha wakajiona ndani yake. Mick Taylor, aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi kutoka 1969 hadi 1974, alipanda kama mgeni na magitaa yakawa matatu. Walipofika kwenye "Sympathy for the Devil", ndege mkubwa wa chuma, kazi ya fundi msanii Joe Rush, aliinuka juu ya kilele cha piramidi na kukunjua mbawa zake katikati ya moto na moshi. Mwishoni kwaya iliingia jukwaani, na onyesho likafungwa kwa "Satisfaction", wimbo uliotoka mwaka 1965.

Zilipigwa nyimbo zipatazo 20, kwa zaidi ya saa mbili. Umati haukuvunjika kwenda kwingine. Eavis, aliyekuwa amekwisha ona bendi nyingi zikipita shambani kwake, alisema kuwa usiku huo ulikuwa kilele cha historia yote ya tamasha lake. Lawama zilikuwapo pia: waliokuwa majumbani walioneshwa na BBC sehemu tu ya onyesho kwa sababu ya masharti ya bendi, wakanung'unika. Lakini aliyenung'unika kwa kukatiziwa onyesho alikuwa tayari amekwisha toa ushahidi wake juu ya thamani ya onyesho hilo.

YALIYOFUATA

Toka wakati huo swali limejibiwa tena na tena. The Who walifunga usiku wa Jumapili mwaka 2015. Mwaka 2022 Paul McCartney alibeba usiku wa Jumamosi, wiki moja tu baada ya kutimiza miaka 80. Elton John alifunga tamasha la 2023 akiwa na miaka 76, akaifanya siku hiyo kuwa onyesho la mwisho nchini mwake katika safari yake ya kuaga. Neil Young alipanda mwaka 2025 akiwa na miaka 79.

The Rolling Stones nao hawakuketi. Mwaka 2019 Jagger alitibiwa kilango cha moyo mwezi Aprili, na mwezi Juni alikuwa jukwaani mjini Chicago. Charlie Watts alifariki tarehe 24 Agosti 2021, akiwa na miaka 80, akiacha mke aliyemwoa mwaka 1964. Wenzake waliendelea na mpiga dramu mwingine, Steve Jordan, na mwaka 2024 wakazunguka Amerika ya Kaskazini. Mdhamini wa safari hiyo alikuwa chama cha Wamarekani wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Hapakuwa na haja tena ya kuficha mvi.

FUNZO KWA NYUMBA ZETU

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mkongwe afaa kupewa usukani. Jina la zamani peke yake halichezeshi watu kwa saa mbili. Wapo ambao sauti zimekwisha, na heshima yao ingebaki kamili kama wangenyamaza mapema. Bill Wyman alijua saa yake ya kutoka, akatoka kwa hiari, na hakuna anayemdharau.

Kipimo cha haki, basi, si cheti cha kuzaliwa. Kipimo ni maswali matatu. Je, mtu huyu bado anajizoeza? Je, anao wenzake wa kupokezana nao mzigo? Je, baada ya usiku wake, kesho yake ataachiwa kijana? Bendi ile ilijibu maswali mawili ya kwanza kwa vitendo, na ratiba ya tamasha ikajibu la tatu.

Maswali hayo hayo yanafaa katika kambi, kazini na nyumbani. Mstaafu anayejua kutengeneza injini, mama mkubwa anayejua kuzalisha, mpiga tarumbeta wa zamani wa brasi bendi: hawa wasihukumiwe kwa mvi kabla ya kupewa nafasi ya kuonesha. Nao, wakiisha kuonesha, wawasogezee vijana kiti. Wahenga walinena kuwa ng'ombe hazeeki maini. Katika shamba lile la Somerset, ambako maziwa yaligawiwa bure mwaka 1970, methali hiyo ilipata ushahidi mbele ya umati mzima.