Jicho ni Shahidi: Vijana wa Lamu Wajifunza Kuchora Waonacho

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyonena wazee wetu, nami nimeitumia methali hiyo miaka mingi pasi na kuitilia shaka. Lakini nimeingia darasa moja mtaani Mkomani, mjini Lamu, ambamo wenye macho huambiwa tazama tangu alasiri hadi jua kuchwa, na wala hawakasiriki.

Ni chumba cha chini cha nyumba ya mawe, kilichotolewa na mwenyewe kwa ajili ya vijana wa mtaa. Wavulana na wasichana 12 walikaa mkekani, kila mmoja na karatasi na kalamu ya risasi. Katikati yao mliwekwa mtungi wa maji na birika ya shaba. Mwalimu wao, mzee aliyestaafu ualimu wa shule, hapokei mshahara kwa kazi hii.

Siku ya kwanza, aliniambia, huwaachia wachore mtungi wapendavyo. Karibu wote huuchora mdomo wake duara kamili kama sahani, ilhali kwa aliyeketi chini mkekani mdomo huo huonekana umebanwa, mfano wa yai lililolala. "Hapo ndipo huwaambia," alisema, "'Mwanangu, hukuchora mtungi huu. Umechora mtungi uujuao.'"

Basi mafunzo huanzia hapo. Kwanza, mwanafunzi hufuata ukingo wa chombo kwa jicho polepole, na kalamu hutambaa karatasini bila ya yeye kuiangalia. Michoro itokayo huwa vichekesho, lakini jicho limekwisha kuzoea kutembea. Pili, hunyoosha mkono, akafumba jicho moja, akapima kwa kalamu na kidole gumba: je, shingo ya birika yaingia mara ngapi katika tumbo lake? Tatu, huchora uwazi ulio baina ya mkono wa birika na tumbo lake, kwani mahali patupu hapana jina, na kisichokuwa na jina jicho haliwezi kukidanganyia. Nne, hutumia timazi ya mwashi, uzi wenye risasi nchini, kujua kipi kimesimama wima na kipi kimeinama.

Ndugu msomaji, elimu hii si ngeni kwetu. Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao twakumbuka namna maalimu alivyotushika mkono hata alifu isimame. Waziri Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliziwekea herufi vipimo kwa nukta ya kalamu, ili kila herufi ijue urefu wake mbele ya mwenzake. Naye Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo 965, alieleza katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni, wala si jicho lirushalo miale. Aliongeza kwamba mtupo mmoja wa jicho hautoshi. Ukweli wa umbo hupatikana kwa kulitaamali. Na hapa kwetu, Siyu ya kisiwani Pate ilisifika kwa mafundi walioinakili Misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi.

Hata hivyo, darasa hili halikupokewa bila ya maneno. Mama mmoja alikuja mlangoni, buibui lake limekusanywa mkononi, kumchukua binti yake. "Maalimu," alisema, "wewe ni mtu wetu na twakuheshimu. Lakini mtoto wangu hatasimama Siku ya Kiyama akaambiwa akitie roho alichokichora."

Mwalimu hakumcheka wala hakumjibu kwa ukali. "Mamangu, hofu yako ni ya haki," alimjibu. Kisha akamkumbusha habari ya Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliyejiwa na mtu aishiye kwa kazi ya kuchora, akamwonya, kisha akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. "Nasi hapa twachora mitungi, minazi, majahazi na milango. Kaa nasi uone." Mama alikaa hata magharibi. Hakusema kitu, ila juma lililofuata binti alirudi darasani.

Na milango ndiyo kazi kubwa ya darasa hili. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini orodha haizuii mchwa, wala haimzuii mwenye dhiki kuuza alicho nacho. Kwa hiyo vijana hutoka vichochoroni, wakaketi barazani kwa watu baada ya kupiga hodi, wakachora miimo, kizingiti cha juu, mfaa wa katikati, na nakshi yake jani kwa jani.

Mvulana mmoja wa miaka 14 aliuchagua mlango mkongwe wa mbambakofi. Alasiri mbili alimaliza ubawa wa kushoto na mfaa. Aliporudi ya tatu, mlango haupo. Mahali pake pametiwa mlango wa mabati, na mwenye nyumba hakutaka kuulizwa.

Mvulana alirudi darasani amenuna. Akaomba rula, aigeuze nusu ya kushoto iwe ya kulia, mchoro ukamilike. Mwalimu akamkataza. Mvulana akapinga: mlango una mbawa mbili, na kila mtu ajua zafanana!

"Zafanana, si sawasawa," mwalimu alisema. "Fundi alichonga kwa mkono. Huenda upande ule aliteleza patasi, huenda aliongeza ua. Wewe uliona?"

"Sikuona, Maalimu."

"Basi usiloliona usilichore. Shahidi akiongeza neno moja la kwake, na yale ya kweli hayapokewi tena."

Nilisikia maneno hayo nikakumbuka walivyotufundisha masheikh wetu juu ya wapokezi wa hadithi, namna mtu alivyoachwa kwa uwongo mmoja tu. Sikutarajia kuyakuta katika darasa la kuchora. Mchoro ule sasa umetundikwa ukutani, nusu mlango, nusu karatasi nyeupe, na chini yake mvulana ameandika tarehe aliyouona mara ya mwisho. Katika michoro yote iliyomo chumbani, ndio nilioutazama mrefu zaidi.

Usiku ule niliwaandikia vijana ubeti huu:

Kitazame ukijue, macho yasikuhadae,
Ukipime utambue, kisha ndipo uandae,
Kosa lako lichukue, lirudie likufae,
Mji wetu tuuchore, usije ukapotea.